Injini ya Tondeze Nyuma ya Rido

Mkwe wangu alikaa nyumbani mwangu miezi minne na sikuwa nimeuona uso wake vizuri. Nilijua kikohozi chake cha kunitahadharisha anapoingia. Nilijua viatu vyake, kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika kuliko cha kulia. Nilijua kwamba anapenda sombe iliyolala, yale majani ya muhogo ya jana, kwa sababu binti yangu aliniambia. Lakini uso, hapana. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natokea wa nyuma. Tukikutana kwenye kile kinjia cha kwenda bombani, yeye anageukia ukuta, mimi najifunika kitenge kichwani, na kila mmoja anangoja mwenzake apite kwanza. Mara ngapi maji yalikatika sisi bado tumesimama pale.

Lakini haya hiyo ya mkwe iko na dawa yake. Baada ya harusi wanapanga siku, mama mkwe anatoa kuku au kitambaa, mkwe naye anatoa chake, wanakula mbele ya watu, basi. Kuanzia hapo wanaweza kusemeshana. Lakini mzee wangu alifariki muda mfupi baada ya kupokea mahari ya binti yetu wa mwisho. Harusi ikafanywa bila ngoma, na ile siku ya kuondoa haya tukaisogeza mbele, na tena mbele. Kisha ziwa likapanda. Maji yakaingia katika nyumba waliyopanga kule chini, yakaingia pia katika kibanda ambamo mkwe wangu alikuwa anatengeneza pikipiki, na hayakutoka. Wakaja kwangu, mtaa wa Kilibula hapa Uvira, na godoro moja lililolowa, sufuria tatu, na mimba ya miezi mitatu.

Mwanaume kulala kwa mama mkwe wake ni aibu. Yeye alijua hivyo, mimi nilijua, na majirani walijua kutupita sisi wote.

Kazi hakuna. Kila asubuhi anatoka, kila saa sita anarudi, nasikia kikohozi, nasikia anakaa kwenye barza, mbele ya nyumba. Halafu rafiki zake wawili wakaanza kuja. Walikuwa wanapanga kwenda kwenye mashimo ya dhahabu, mbali kule kusini, na lori litaondoka Jumapili. Binti yangu alipoyasikia hayo alikuja jikoni akakaa chini, akashika tumbo, wala hakulia. Mimi na yeye tulikuwa tunafikiri kitu kimoja. Mtoto wangu wa pili alikwenda kwenye mashimo yale. Tunachojua ni jina la kijiji alikofia. Majina mimi nayashika, yote, ya watu na ya vijiji, lakini lile silitamki hata nikiwa peke yangu, na hapa siliandiki.

Jumapili moja kabla ya ile ya lori, baada ya misa, binti yangu alirudi na habari nyingine. Masera, wale watawa wa kituo cha afya kule bondeni, njia ya kwenda Nyakabere, walikuwa wanatafuta mtu. Nyoka ameonekana karibu na nyumba ya wazazi, pale wanawake wanapojifungulia, na uwanja umejaa majani mpaka magotini. Sera mkubwa hakutaka tena watu wa kufyeka kwa kupa-kupa, yale mapanga, mara moja kwa mwezi. Alitaka mtu mmoja, akae pale, akate majani kila wiki na kuangalia bomba na pampu. Lakini mtu huyo aje na mashine yake. Jumamosi atapita Uvira kununua vitu, ataiona mashine kwa macho, na kama inafanya kazi atampakia mtu na mashine pamoja.

"Mashine ataitoa wapi?" binti yangu akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa kidevu chini ya kitanda changu.

Mzee wangu alikata majani ya misioni miaka mingi. Mapadri waliponunua tondeze mpya, ile ya zamani wakampa yeye. Tondeze ni mashine ya kusukuma, iko na magurudumu manne, kisu chini, injini juu. Aliipenda, nisiseme uongo, na mimi nilikuwa nikiionea wivu. Kila kiangazi aliifungua yote kwenye mkeka, na mimi nikikaa upande wa pili kumpokeza vyuma. Shule niliishia mwaka wa tatu wa primeri, lakini kila chuma cha ile injini nilikijua jina na mahali pake, kama ninavyojua nani kazaliwa na nani katika mtaa wetu. Alipofariki niliiweka chini ya kitanda. Ili isipate kutu, kila baada ya miezi michache niliipaka mawese, kama ninavyopaka jembe. Mpaka ndani. Nilitoa buji, plagi yake ya kuwasha moto, nikamimina mawese kwenye tundu, nikarudisha buji.

Jumatatu mkwe wangu aliitoa barzani, akavuta kamba. Haikusogea hata kidogo. Akaifungua kichwa. Binti yangu akaingia ndani anajizuia kucheka.

"Mama, ulikuwa unatunza injini ao ulikuwa unaipika?"

Mawese yalikuwa yameganda huko ndani yakawa kama gundi, pistoni imeshikwa kama kijiko katika bukari iliyolala, ule ugali wa jana. Lakini hapakuwa na kutu. Hata doa moja. Hilo alilisema mkwe wangu, akamtuma mke wake aje kuniambia: "Mwambie mama, kama si yeye, hii ingekuwa imekufa." Nilifurahi nikajifanya sijasikia. Akalowesha kila kitu katika petroli siku nzima.

Jumanne tukaanza kazi. Nasema tukaanza, maana mimi nilikuwa ndani ya chumba, nyuma ya rido, pazia la dirisha, na yeye nje kwenye barza na vyuma vyake kwenye mkeka. Pikipiki alizijua, lakini tondeze hakuwahi kufungua. Mimi ndiye niliyeijua, na sikuweza kumsemesha. Kwa hiyo binti yangu aliketi kwenye kiti kati yetu, tumbo mbele, akipeleka maneno.

"Mwambie kile chuma kirefu kinaingia kwanza."

"Anasikia, mama. Iko hapa, mita mbili."

"Mwambie hata hivyo."

"Mama anasema chuma kirefu kinaingia kwanza."

"Mwambie mama asante."

"Mama, anasema asante. Nyinyi watu mutaniua."

Jirani yangu anayeuza mikate alikuja akaegemea ua, beseni kichwani. Mwanamke yule mdomo wake haufungi, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa siku ile sikumshukuru. Akasema, "Leo redio yenu inasema nini? Naona mutangazaji iko ndani, fundi iko inje, na katikati kuna antena yenye mimba."

Binti yangu akacheka mpaka akashika ukuta. 

Jumatano tulifika kwenye segma. Hizo ni pete tatu nyembamba zinazovaa pistoni kiunoni. Kila pete imekatwa mahali pamoja ili iweze kufunguka, na pale palipokatwa mzee wangu alipaita mdomo. Midomo ya segma ikikaa mstari mmoja, nguvu ya injini yote inatokea hapo na mashine haivuti. Mzee alikuwa ananiambia hivyo kila kiangazi, kila mara kama vile sijawahi kusikia. Nikasema, "Mwambie midomo isitazamane. Aiweke kama mkwe na mama mkwe."

Binti yangu akarudia. Nje nikasikia mwanaume anacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mkwe wangu akicheka tangu maji yaingie nyumbani kwake.

Labda kicheko hicho ndicho kilichonitia kiburi. Kwa sababu baada ya hapo tukafika kwenye magurudumu mawili ya meno yaliyo ndani kabisa, kubwa na dogo, yale yanayoamrisha injini ipumue lini. Kila moja iko na kidoti kilichochongwa. Na mimi, bila hata kufikiri, nikasema, "Na vidoti navyo visitazamane. Kimoja kiende juu, kingine chini."

Nje nikasikia ameweka chuma chini.

"Mama amesema hivyo?" nikamsikia anauliza.

"Ndivyo amesema."

"Basi ni hivyo."

Akafunga. Joint ya karatasi iliyokuwa kati ya vipande viwili ilikuwa imekufa, akakata nyingine kwenye katoni ya sabuni, akiipima kwa kugonga karatasi juu ya chuma mpaka ukingo ukajichora wenyewe. Mzee wangu alifanya vilevile kabisa. Nilimwona kwa tundu la rido, mikono tu, nikashukuru kimoyomoyo kwamba binti yangu aliipata mikono ya namna ile.

Alhamisi alisafisha kabirateri, akaazima buji kwa mwenye pikipiki mmoja, akatia mafuta. Ijumaa asubuhi akavuta kamba.

Injini ikakohoa, ikamnyang'anya kamba, ikamrarua kidole. Akavuta tena. Ikakohoa kinyumenyume, ikatoa moto kwenye tundu lake la kuvutia hewa. Alivuta mpaka nikaacha kuhesabu. Kila mara binti yangu akisema "sasa hivi", na kila mara hapana. Yule wa mikate akapita akasema, "Nayo iko na haya kama wenyewe." Hakuna aliyecheka.

Saa nne rafiki zake wawili wakaja. Walisimama, wakaitazama mashine, mmoja akasema kwa sauti ya huruma, "Kaka, acha. Jumapili lori linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tukuwekee nafasi?"

Mkwe wangu akafuta kidole chenye damu kwenye suruali. Halafu akasema, "Muniwekee."

Nilisikia neno hilo nyuma ya rido, nikakaa kitandani. Binti yangu akaingia. Safari hii alikuwa analia, lakini kwa hasira.

"Mama, alijua."

"Alijua nini?"

"Vidoti. Anasema katika pikipiki zote vidoti vinatazamana. Midomo ya segma haitazamane, vidoti vinatazamana. Alijua tangu Jumatano."

Hapo nikamwona mzee wangu wazi kabisa kwenye mkeka, kidole chake cheusi kwa mafuta, anagusanisha kidoti na kidoti, ananiambia, hawa wawili mama, macho kwa macho. Nilikuwa nimechanganya. Mimi ambaye watu wanatoka mpaka Mutarule kuja kuniuliza nani alikuwa babu ya nani, nimechanganya.

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Angesema namna gani? Weye ni mama mkwe yake. Atakuambia umekosa?"

Jibu lilikuwa mimi mwenyewe, na kitenge changu, na mlango wa nyuma. Mtoto wa watu alikuwa tayari kufunga injini vibaya akijua, na kwenda kwenye mashimo, kuliko kuniambia mimi neno moja. Na mimi ndiye niliyefundisha nyumba yangu heshima ya namna hiyo. Siilaumu heshima. Imetulea. Lakini siku ile niliona inaweza pia kumpakia mtu kwenye lori.

Mambo haya hayafanywi hivihivi. Yanataka wakubwa wa pande mbili, yanataka chakula na bia, yanataka siku iliyotangazwa. Mimi nilikuwa na Ijumaa saa tano. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikamkamata kuku wangu mmoja aliyekuwa akitaga, nikamwita yule wa mikate juu ya ua.

"Njoo unishuhudie."

"Kushuhudia nini?"

"Njoo tu, na mdomo uuache kwako."

Nikazunguka nyumba mpaka mbele, kichwa wazi, kuku kwapani. Mkwe wangu aliponiona aliruka akageukia ukuta, mikono imejaa mafuta.

"Mkwe wangu," nikasema, "geuka."

Hakugeuka. Binti yangu amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mume wangu hayupo, na wakubwa wako mbali. Lakini kuku ni huyu, na shahidi ni huyu. Naondoa haya. Geuka, baba."

Aligeuka polepole, macho chini. Nikampa kuku. Akampokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, vizuri, kama alivyofundishwa kwao. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikinielekea mimi, "Mama, minye sina kitu cha kukurudishia."

"Unacho. Niambie pale nilipokosa."

Akatazama mashine. Akatazama mke wake. Kuku akapiga mabawa, akamshika vizuri. "Mama," akasema, "nisamehe. Vile vidoti vinatazamana."

"Vinatazamana," nikasema. "Umesema kweli."

"Nimeshuhudia," akasema yule wa mikate. "Sasa huyu kuku analiwa lini?"

Hatukumla siku ile, hapakuwa na nafasi. Nilikaa kwenye mkeka upande wa pili, mahali pangu pa zamani, tukaifungua injini yote upya. Nilimpokeza vyuma, na kila chuma nikakitaja jina, na safari hii pale ambapo hakukubali alisema. Mara ya kwanza alisema kwa kunong'ona. Mara ya tatu alisema, "Hapana, mama, hicho bado," bila hata kuinua kichwa, na mimi nikakirudisha chini. Niliutazama uso wake wakati anafanya kazi. Ana alama ndogo juu ya nyusi. Ni kijana kuliko nilivyodhani. Miezi minne nilikuwa nikimpikia mtu mzima wa miaka arobaini, kumbe ni mtoto.

Joint ya katoni ilipasuka tulipoifungua. Akakata nyingine. Alipofika kwenye magurudumu ya meno akanisogezea mashine, akasema, "Weka weye, mama." Nikaweka kidoti mbele ya kidoti. Akatazama, akatikisa kichwa kukubali, tukafunga.

Jua lilikuwa limeshuka mpaka juu ya milima alipovuta kamba. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikakohoa, lakini mbele, si kinyume. Mara ya tatu ikawaka. Moshi mweupe ukajaa kwenye barza, na moshi ule ulinuka mawese, yale yaliyokuwa yamebaki kwenye pembe za ndani, ukanuka kama watu wanakaanga ndagala, dagaa wa ziwa. Watu wa nyumba ya nyuma wakachungulia kuona kama tuna sherehe. Binti yangu alikaa chini palepale kwenye saruji akacheka na kulia pamoja. Mkwe wangu aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo mpaka ikawa moto mno.

Jumamosi sera mkubwa alikuja na gari, mama mfupi mwenye haraka. Akasikiliza mashine inavyoimba. "Zima," akasema. Mkwe wangu akazima. "Washa tena." Ikawaka kwa mvuto mmoja. Sera akainama akatazama kisu chini, akauliza, "Nani aliitengeneza?"

"Minye na mama mkwe yangu," akasema mkwe wangu.

Sera alinitazama kuanzia miguu mpaka kichwa. "Vizuri," akasema, "panda." Wakapakia tondeze nyuma, kati ya magunia ya chumvi na maboksi ya dawa, na mkwe wangu akapanda akakaa karibu nayo, akaishika mkono kama mtoto asije akaanguka.

Jumapili lori liliondoka na rafiki zake. Namwomba Mungu awalinde, majina yao nayajua na nayataja kila siku kwenye sala. Mmoja amerudi. Mwingine bado tunangoja.

Binti yangu alimfuata mume wake bondeni baada ya wiki mbili, wakapewa chumba kidogo nyuma ya kituo. Alijifungulia palepale. Nilipata habari asubuhi kwamba uchungu umeanza, nikapanda pikipiki, mimi na mifupa yangu hii, mpaka Nyakabere na zaidi. Nilikuta bado hajajifungua. Masera wakaniambia nisubiri nje. Uwanja wote ulikuwa umekatwa mfupi, unaona ardhi, unaona hata mchwa anapita. Wanawake wengine walikuwa wamelala hapo na mimba zao, wamevua viatu. Nikakaa nao, nikashukuru kwa kila jina nililokuwa nalo, la mzee wangu kwanza.

Mkwe wangu alikuja kutoka upande wa pampu, jasho limemtoka, majani yamemshika kwenye suruali. Akaja moja kwa moja. Hakukohoa kwanza. Alichuchumaa mbele yangu, akanitazama.

"Mama, umekula?"

Nikamwambia ukweli, kwamba bado. Akaenda kunitafutia bukari na ndagala, akaja akakaa na mimi, tukala katika sahani moja, tukasikiliza mlango wa nyumba ya wazazi.